Kuwa ndani ya oditwari siyo kuwa ndani ya masomo



Usiku mmoja wa blokusi, mdogo wangu aliniandikia ujumbe saa saba. Yuko mwaka wa kwanza wa uchumi hapa Bukavu, ule ambao sisi tuliuita G1 na leo, na mfumo wa LMD, unaitwa L1. Aliandika hivi: "Yaya, mi nasoma kila siku, lakini kitu haiingie mu kichwa. Labda akili yangu haiko ya chuo. Niache?"

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Siyo juu nilikosa la kujibu. Ni juu yale maneno niliyajua. Miaka tisa imepita tangu nilipoyasema mimi mwenyewe, nikirudi Bagira kwa miguu na matokeo ya sesio ya kwanza ndani ya mfuko wa suruali.

Mimi ni mtu wa agronomia, siyo wa saikolojia. Ninachojua vizuri ni udongo, maharagwe na muhogo. Lakini ule ujumbe ulinisukuma kutafuta watafiti wamesema nini juu ya jambo hili. Kwa nini mwanafunzi anafika kila siku, anasoma kila usiku, na bado anaanguka? Kuna uhusiano gani kati ya kujihusisha na masomo, hali njema ya mwanafunzi, na pointi zinazotoka mwisho wa mwaka? Haya ndiyo niliyoelewa.

Kujihusisha kuna sura tatu

Mwaka 2004, watafiti watatu wa Marekani, Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris, walikusanya yale yaliyokuwa yameandikwa juu ya kujihusisha kwa wanafunzi na wakayapanga katika sura tatu.

Sura ya kwanza ni ya matendo: kufika, kuandika, kutoa TP kwa wakati, kutosumbua wengine. Sura ya pili ni ya moyo: kuhisi kwamba mahali hapa ni pangu pia, kupenda kile ninachofanya, au angalau kutokiogopa. Sura ya tatu ni ya akili: kupambana na jambo mpaka ulielewe, kuuliza "kwa nini", kuliunganisha na kile unachokijua tayari.

Kosa letu kubwa, sisi na wazazi wetu, ni kuangalia ile ya kwanza peke yake. Mtoto ametoka asubuhi na begi, amerudi jioni na daftari limejaa, basi amesoma. Mimi, kwa sura ya matendo, nilikuwa namba moja. Niliamka saa kumi na moja ili nipate kiti cha mbele, juu promosio ilikuwa ya watu mingi kuliko viti. Somo la kemia niliandika yote, hata mifano aliyoitoa asistanti kwa mdomo. Nikanunua silabusi, nikaisoma mara nne. Nilipata 7 juu ya 20.

Kusema ukweli, mpaka siku ya mtihani sikujua mole ni kitu gani. Nilijua kuiandika, nilijua fomula yake, nilijua iko ukurasa gani. Lakini sikuwahi kuuliza. Kifaransa changu kilikuwa cha kuchechemea, na mara moja nilimwona mwenzangu akiuliza swali, oditwari nzima ikacheka. Toka siku ile nilifunga kinywa. Mwili wangu ulikuwa kwenye kiti cha mbele. Moyo ulikuwa karibu na mlango, na akili ilikuwa ikinakili tu.

Pipa la Liebig

Mwaka uliofuata tulifundishwa rutuba ya udongo, na ndani yake sheria ambayo kila mtu wa agronomia anaijua: sheria ya kiwango cha chini. Mjerumani Carl Sprengel ndiye aliyeitoa kwanza, kisha Justus von Liebig akaieneza katika karne ya 19. Inasema hivi: mmea haukui kwa jumla ya chakula chote kilicho ndani ya udongo. Unakua kwa kipimo cha kile kilicho kidogo zaidi kuliko mahitaji yake. Walimu wanaichora kama pipa la mbao lenye mbao za urefu tofauti. Mimina maji unavyotaka, yatafika kwenye ubao mfupi na kumwagika.

Nenda Walungu uone. Kuna mashamba ambayo udongo wake una asidi kali na fosforasi haitoshi. Mkulima akiongeza azoti, na tena azoti, maharagwe yanabaki madogo. Majirani watasema ni mvivu, au mbegu ni mbaya. Lakini ubao mfupi haukuwa azoti.

Sasa mrudie mdogo wangu. Kila akianguka kwenye jaribio, anaongeza saa za kusoma. Alikuwa analala saa tano usiku, akaanza kulala saa saba, sasa halali. Anamwaga azoti. Je, ni saa ndizo zinazopungua?

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan walitumia miaka mingi, kuanzia miaka ya 1970, kutafuta ni chakula gani hamu ya mtu ya kufanya kitu inahitaji. Walifikia mahitaji matatu. La kwanza ni kuhisi kwamba jambo unalolifanya umelikubali mwenyewe. La pili ni kuhisi kwamba unaweza, na kwamba unaendelea mbele. La tatu ni kuhisi kwamba kuna watu wanaokujali na ambao wewe ni wao.

Tupime pipa letu. La kwanza: wangapi kati yetu tuliingia fakilte juu papa alisema, au juu mjomba anayelipa minervali alitaka daktari katika ukoo? La pili: mara nyingi mwanafunzi anapata kujua yuko wapi siku ya deliberasio tu, wakati mavuno yameshapita na hakuna cha kupalilia tena. La tatu: katika promosio ya watu mia tatu unaweza kumaliza mwaka bila mwalimu hata mmoja kujua jina lako.

Lakini lile pipa lina udanganyifu wake, nami sitaki mulibebe kama lilivyo. Mbao za pipa hazikuzani. Kwa mwanadamu, zinakuzana. Mwanafunzi akifaulu jaribio moja dogo, anapata moyo, akipata moyo anauliza, akiuliza anaelewa, akielewa anafaulu tena. Pointi siyo tunda peke yake, ni mbolea pia, kama majani ya mgomba yanayoanguka na kurudi kwenye udongo wa mgomba uleule. Na mzunguko unaweza kuzunguka upande mbaya vilevile: 7 juu ya 20, haya, kimya, usingizi kupotea, kisha 5 juu ya 20. Habari njema ni kwamba mzunguko unaweza kuukata mahali popote, siyo lazima uanzie kwenye pointi.

Akili yenye mzigo

Kuna utafiti mmoja ambao kila mtu wa kijijini ataufahamu haraka. Mwaka 2013 Anandi Mani na wenzake walitoa matokeo juu ya wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa anapata pesa mara moja, baada ya mavuno. Mbele ya mavuno anaishi kwa madeni. Watafiti waliwapa mitihani ya kufikiri na ya kutulia, mara moja mbele ya mavuno na mara moja baadaye. Walewale wakulima, wenye vichwa vilevile, walifanya vizuri zaidi baada ya mavuno.

Maana yake ni nini? Umaskini hauondoi akili ya mtu. Unaijaza. Sehemu ya kichwa inashughulika na deni, na inayobaki ndiyo inayofanya mtihani.

Hapa kwetu sina haja ya kueleza mingi. Tunajua mwanafunzi anayefika kwenye mlango wa mtihani akiwa hajui kama jina lake litasomwa kwenye orodha ya waliolipa. Tunajua yule anayesoma kwa tochi ya simu juu moto wa umeme umekatika, na simu yenyewe inakaribia kuzimika. Na tangu Februari 2025, muji ulipoingia mikononi mwa M23, benki zilifunga, mishahara na akiba za wazazi zikakwama, na familia nyingi zikatawanyika. Mtu amekaa na silabusi ya hesabu mbele yake, kichwani anahesabu ndugu zake wako wapi. Kumwambia huyo "ongeza bidii" ni kama kumwambia mkulima aongeze azoti.

Watu walijaribu nini, na walipata nini?

Sisi wa agronomia hatuamini mbolea mpya juu ya maneno ya muuzaji. Tunagawa shamba kwa parseli, tunapiga kura ni parseli gani itapata mbolea, na nyingine tunaiacha ili tulinganishe. Watafiti wa elimu wanafanya vilevile na shule na wanafunzi. Nitaje mifano miwili ya karibu.

Wa kwanza ni wa nchi yetu. Miaka ya 2010, shirika la International Rescue Committee liliendesha mradi katika shule za msingi, zikiwemo za Katanga. Walimu walifundishwa njia za kusoma na hesabu, na pamoja na hiyo namna ya kuweka kalasi ambamo mtoto aliyepita katika vita anajisikia salama. Walimu walikutana katika vikundi vyao kusaidiana. Shule zilipigiwa kura, zingine zikaanza mbele, zingine baadaye, na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, kati yao Lawrence Aber na Catalina Torrente, wakapima. Baada ya mwaka mmoja, watoto walisema zaidi kwamba shule na walimu wanawasaidia, na kusoma kulipanda kidogo. Lakini hali njema ya moyo, kwa wastani, haikubadilika. Mimi naona hilo ni funzo pia: mwalimu mwema anafungua mlango, lakini mwaka mmoja wa wema hauponyeshi vita vyote.

Wa pili ni wa Kibera, Nairobi. Mkenya Tom Osborn na wenzake walitengeneza programu fupi inayoitwa Shamiri. Vijana wa sekondari wenye dalili za huzuni na wasiwasi walikutana kwa vikundi, mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Walizungumza juu ya mambo matatu: kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Aliyeongoza kikundi hakuwa daktari, alikuwa kijana aliyemaliza sekondari juzijuzi. Katika jaribio la kwanza, wanafunzi 51 waligawanywa kwa kura: wengine walipata Shamiri, wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Waliopata Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao, na pointi zao za shule pia zilipanda zaidi. Sikiliza vizuri: zaidi ya wale waliofundishwa mbinu za kusoma! Watu 51 ni wachache, sawa. Lakini mwaka 2021 walitoa jaribio la wanafunzi 413 katika shule nne za sekondari, na huzuni na wasiwasi vilipungua tena.

Kusoma upya siyo kusoma

Iko na upande wa akili pia. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi ya kusoma. Kundi moja liliyasoma tena. Kundi lingine liliyafunga na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, waliofunga na kujaribu walikumbuka asilimia 56.

Mimi nilisoma silabusi ya kemia mara nne. Kila mara niliona ninaielewa zaidi, kumbe nilikuwa ninazoea sura ya kurasa. Ni kama kupita kila siku mbele ya nyumba ya mtu na kudhani unajua kilicho ndani.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu katika vyuo. Pale ambapo mwalimu anasema na wanafunzi wanasikiliza tu, walioanguka walikuwa asilimia 33,8. Pale ambapo wanafunzi wanafanya kitu wakati wa somo, kujibu, kubishana, kutatua pamoja, walioanguka walikuwa asilimia 21,8. Kwa promosio ya watu mia tatu, hiyo ni zaidi ya watu thelathini. Na haiombe laboratwari ya pesa nyingi. Dakika tano za "geukia jirani yako, mueleze" zinaweza hata pale ambapo viti havitoshi.

Yaliyonitokea

Mbele ya sesio ya pili, tulikuwa watu watano tulioanguka kemia. Tulikutana kila mchana chini ya mti wa avoka, nyuma ya nyumba ya mmoja wetu kule Panzi. Sheria ilikuwa moja: silabusi imefungwa. Mmoja anasimama anaeleza kwa Kiswahili, wengine wanamkata kwa maswali. Tukishakubaliana, tunaandika jibu kwa Kifaransa, juu mtihani ni wa Kifaransa. Pale chini ya avoka ndipo nilipoelewa kwamba mole ni hesabu tu, kama vile kusema dazeni, ila ni dazeni kubwa sana. Nilicheka peke yangu. Mwaka mzima niliogopa dazeni!

Nilipata 12. Lakini nisidanganye: mwezi uleule shangazi yangu alilipa deni langu la minervali, nikaanza kulala. Je, ni kikundi au ni usingizi? Sikuwa na parseli ya kulinganisha. Nadhani ni vyote viwili, na hiyo ndiyo maana ya makala haya yote.

Tufanye nini sisi?

Kwa mwanafunzi: kabla ya kuongeza saa, tafuta ubao mfupi. Unafika lakini huelewi? Funga silabusi, eleza kwa sauti. Unaelewa lakini huna moyo? Tafuta watu wawili au watatu, usibaki peke yako. Una moyo lakini kichwa kimejaa deni au hofu? Sema na mtu, na ujue kwamba siyo ujinga. Na kama ni giza la kila siku ambalo halitoki, mpaka mtu anaona heri asingekuwepo, hilo siyo jambo la kikundi cha avoka. Nenda kwa mganga wa afya ya akili, na mwenzako akusindikize.

Kwa sisi tuliomaliza: wale wa Kibera hawakungoja daktari, walitumia vijana waliotangulia kidogo tu. Kila mmoja wetu yuko na ile hatua moja mbele. Tuchukue kila mtu watoto watano wa L1 wa fakilte yake, saa moja kwa wiki, toka mwanzo wa mwaka, siyo wakati wa blokusi. Tujue majina yao. Hiyo haiombe mfadhili.

Wala tusiitumie saikolojia kusamehe yale ambayo ni ya wakubwa. Kikundi hakilipe minervali, wala hakifungue benki. Viti, maktaba na mishahara ya walimu vinabaki madai ya haki, na tutaendelea kuyadai.

Mdogo wangu nilimjibu hivi usiku ule: "Usiache. Lala kwanza. Lakini niambie, mara ya mwisho uliuliza swali mu oditwari ni lini?" Alijibu: "Hata siku moja, yaya."

Siku ya Mungu alikuja na somo la takwimu. Nilifunga silabusi, nikamwambia anieleze mediani. Alisema sentensi mbili akakwama. Mama anauza sambaza Kadutu, basi nikamwambia tuchukue kopo moja kwa wauzaji watano: 1000, 1000, 1500, 2000, na mmoja mwenye tamaa anauza 6000. Alipiga hesabu ya wastani, akapata franka 2300. Akaangalia ile namba, akakunja uso. "Lakini hakuna mutu mwenye kuuza kwa ile bei." Nikanyamaza. Akaweka kidole kwenye 1500, katikati. "Kumbe njo maana banatumia mediani."

Matokeo yake hayajatoka bado. Jumatatu iliyofuata aliniandikia kwamba ameuliza swali. Walicheka kidogo, anasema, lakini asistanti alijibu.